"Tutaona": Tafakari Juu ya Tamasha Linalosubiri Jibu



Wapendwa wasomaji wa tafakari hii ya kila juma, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mwenyekiti wa kwaya alinisubiri mlangoni pa sakristia. Alikuwa na daftari mkononi na swali moja tu: "Baba Paroko, tamasha letu litakuwepo au halitakuwepo?" Kama mjuavyo, tumekusudia kuzikutanisha kwaya za dekania katika uwanja wa parokia, ziimbe mchana kutwa mbele ya watu wote, walio wa imani yetu na wasio wa imani yetu. Lakini mvua zimetangulia, fedha za kukodi mahema na vipaza sauti hazijatimia, na kibali bado hakijatoka. Nami nikamjibu kwa neno ambalo sisi viongozi tunalipenda mno: "Tutaona, mwanangu."

Akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, Baba." Kisha, pasipo kunilaumu, akanifungulia daftari lake. Akina mama wa WAWATA wamekwisha kuchukua mchele na mafuta kwa mkopo katika duka la jirani. Fundi amekwisha kukata vitambaa vya sare. Kwaya ya kigango cha mbali imekwisha kutoa malipo ya awali ya basi, na fedha hizo zilichangwa kwa mia mia na mia tano. Wote hao walikuwa wanaishi ndani ya neno langu moja, nami sikujua. Nilikuwa nimelitamka mara tatu katika majuma matatu, kila mara nikidhani kwamba nimejibu.

Tangu siku ile neno hilo limeninyima usingizi. Katika kulitafakari, mawazo yangu yalivuka bahari hadi Unguja, kwa sababu wenzetu wa kule wana tamasha kubwa kuliko letu, ambalo limeishi na swali hilohilo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nazungumzia Sauti za Busara. Tamasha hili lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na kwa miaka mingi makao yake yamekuwa Ngome Kongwe, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Jukwaa limekuwa likisimamishwa ndani ya kuta za ngome, chini ya anga tupu, na wanamuziki kutoka pande nyingi za Afrika hupiga vyombo na kuimba moja kwa moja, pasipo kujificha nyuma ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Ni katika tamasha hili ambapo wengi wa vijana wetu walimwona Bi Kidude, aliyefariki mwezi Aprili 2013, akipiga ngoma katika umri ambao wengine hatuwezi hata kupanda ngazi za mnara wa kengele.

Tena ngome yenyewe ina historia inayotuhusu. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno, na waliijenga mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno hao. Mabaki yake yaliingizwa katika ukuta wa ndani. Hivyo anayekaa pale usiku kusikiliza taarabu amekaa mahali ambapo watu wa dini mbili, kwa nyakati tofauti, walipaza sauti zao. Siyataji haya ili kudai kiwanja. Nayataja ili tukumbuke kwamba sauti za wanadamu hukoma, na mahali pakabaki.

Sasa basi, kwa nini tamasha la namna hiyo liwe na shaka ya kuwepo? Jibu ni kwamba fedha za tamasha la nje hutoka kabla hazijaingia. Mwanamuziki wa Mali au Senegali hafiki Unguja kwa miguu. Tiketi yake ya ndege hununuliwa miezi kabla. Jukwaa, taa, vipaza sauti, jenereta, mafundi, vyumba vya kulala, vibali, walinzi: kila kimoja kinadai sehemu ya malipo yake mapema. Lakini kiingilio hulipwa mlangoni, siku yenyewe, na mvua moja ya jioni yaweza kuwafanya watu wakabaki majumbani mwao. Zaidi ya hayo, Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, na ni haki iwe hivyo, maana sherehe ambayo mwenye nyumba hawezi kuingia si sherehe ya nyumba hiyo. Kwa hiyo viingilio peke yake havitoshi, na waandalizi wamelisema hilo waziwazi kwa miaka mingi. Pengo lilizibwa na wafadhili, na wengi wao walitoka nje.

Mwaka 2015 pengo lile halikuzibika. Waandalizi wakatangaza, miezi kadhaa kabla ya wakati, kwamba tamasha la Februari 2016 halitafanyika. Mwaka huo Ngome Kongwe haikusikia Sauti za Busara. Mwaka 2017 tamasha likarejea.

Nakiri kwamba nilipolisikia tangazo lile wakati ule, niliwahesabu watu wale kuwa wameshindwa. Leo naona tofauti, nami ningependa kuwashirikisha mambo matatu niliyojifunza.

Kwanza, "hapana" iliyosemwa mapema ni tendo la upendo. Aliyeambiwa miezi kabla kwamba tamasha halipo hakukopa mtaji wa kununulia pweza na miwa ili auze Forodhani, mbele ya ngome. Mwenye nyumba ya wageni alipata muda wa kutafuta wageni wengine. Mpiga ngoma alipata muda wa kutafuta mwaliko mwingine. Walihuzunika, ndiyo, lakini huzuni yao haikuwa na deni juu yake.

Walinganisheni watu hao na walioandaa tamasha la Fyre katika kisiwa cha Great Exuma, nchini Bahama, mwezi Aprili 2017. Hao walitangaza anasa ambazo hazikuwepo. Siku zilivyokaribia, dalili zote zilionyesha kwamba jambo haliwezekani, lakini hawakuwa na ujasiri wa kusema hapana. Wageni wakawasili wakakuta mahema ya kuhifadhia watu wa maafa, na siku ya pili yake tamasha likafutwa. Ngoma ivumayo sana haidumu. Mwandalizi mkuu, Billy McFarland, alihukumiwa mwaka 2018 kifungo cha miaka sita kwa udanganyifu. Dunia ilicheka, kwa sababu waliodanganywa wengi walikuwa vijana wenye fedha. Lakini ndugu zangu, hao walipanda ndege wakarudi kwao. Waliobaki kisiwani ni vibarua waliofanya kazi usiku na mchana wasilipwe, na mama mmoja mwenye mgahawa aliyewalisha watu kwa kutumia akiba yake mwenyewe. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakutuambia kwamba mara nyingi mkopaji ni mmoja na mlipaji ni mwingine.

Hapo ndipo nilipoliona daftari la mwenyekiti wa kwaya kwa macho mapya. Mimi sikudanganya kama wale wa Exuma. Hata hivyo mama aliyechukua mchele kwa mkopo hatofautishi sana kati ya aliyemdanganya na aliyemwacha ajidanganye.

Pili, wanaovuna na wapande. Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone, na mwezi Februari mwenyeji wa Mji Mkongwe hupona kweli. Boti za kutoka Dar es Salaam hujaa, vyumba hujaa, madereva hupata safari, wauza urojo na mishikaki hukesha. Ila kwa miaka mingi ilionekana kana kwamba tamasha ni mvua: hunyesha lenyewe, na kazi ya mtu ni kukinga ndoo. Ilipofika zamu ya kuuliza nani atalipa, macho yote yaligeukia balozi za Ulaya.

Simlaumu aliyetupa msaada. Nasema tu kwamba kitu tunachokipenda kikitunzwa na mkono wa mbali, siku mkono ule ukichoka hatutakuwa na la kufanya ila kusikitika. Ni jambo la kutia moyo kwamba katika miaka ya karibuni miongoni mwa wafadhili wakubwa wa Sauti za Busara imekuwemo taasisi yenye mizizi katika hoteli za Mji Mkongwe wenyewe. Hivi ndivyo inavyopasa. Nasi tunaoishi kwa makanisa yaliyojengwa kwa sadaka za watu wa ng'ambo tulitafakari hili vizuri, kwa sababu swali la nani atalipa bati la kanisa na swali la nani atalipa jukwaa ni swali moja lenye nguo mbili.

Najua wapo watakaoniambia: "Padre, muziki wa nini? Fedha hizo ziende zahanati." Ni hoja ya heshima, na wazazi wengine huongeza hofu yao juu ya ulevi na utovu wa adabu unaofuata mikusanyiko ya usiku. Hofu hiyo siidharau, na mwandalizi asiyeijali hastahili kibali. Lakini sijaona kijiji ambacho ngoma ilinyamazishwa na zahanati ikajengwa kwa akiba ile. Nilichoona ni vijana kukosa mahali pa kuonyesha walichopewa, wakakipeleka kwingine au wakakizika. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wasanii barua mwaka 1999, na hakuwaandikia kama watu wa kupita njia. Aliwaona kuwa washirika katika kazi ya uzuri, ambayo chanzo chake ni Mungu Muumba.

Tatu, si kila "ndiyo" ni ushujaa. Hili ni gumu zaidi, nami naomba mnisome kwa uvumilivu.

Zipo "ndiyo" zinazopendeza moyo. Tarehe 10 Desemba 2009 njia ya umeme utokao Bara ilipata hitilafu, na Unguja ikaingia gizani kwa muda wa miezi mitatu hivi, hadi Machi 2010. Maji yalipatikana kwa taabu, barafu ilikuwa mali ya thamani, na aliyetaka taa aliwasha jenereta au kibatari. Sauti za Busara ya Februari 2010 iliangukia katikati ya giza hilo. Nani angeshangaa kama ingeahirishwa? Lakini ilifanyika. Kisiwa kilichokuwa kimenyimwa mwanga hakikunyimwa wimbo.

Ipo pia "ndiyo" ya wenzetu wa Goma, katika Kongo, ambao Kiswahili ni lugha yao kama ilivyo yetu. Vijana wa mji huo walipanga Tamasha la Amani lifanyike mwishoni mwa Agosti 2013. Mwezi huohuo mapigano yalikuwa yamekaribia, na makombora yaliangukia mitaa ya mji. Wakaahirisha. Hawakufuta wala hawakujifanya vipofu, bali walisema: si sasa. Kisha, tarehe 14 hadi 16 Februari 2014, wakaimba katika uwanja wa shule ya Mwanga, na maelfu ya watu waliokuwa wamechoka kukimbia wakasimama mahali pamoja bila ya kukimbia. Tunajua kwamba amani ile haikudumu, kwa kuwa mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia tena mikononi mwa waasi wa M23. Je, walioimba mwaka 2014 walipoteza bure nguvu zao? Mimi nasema hapana. Siku tatu za amani ni siku tatu za amani, na aliyezionja anajua anachokililia.

Lakini kuna "ndiyo" ambayo hadi leo sijui niiweke wapi. Februari 2021, wakati matamasha ya dunia karibu yote yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya janga la korona, Sauti za Busara ilifanyika kwa siku mbili, tarehe 12 na 13. Wapenda muziki waliifurahia, na wasanii waliokuwa wamekaa mwaka mzima bila kazi walipata riziki. Siku nne baadaye, tarehe 17 Februari, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki dunia, na chama chake kilikuwa kimekwisha kutangaza kwamba ameugua korona. Siunganishi mambo haya mawili kana kwamba moja lilizaa la pili, maana Maalim alikuwa ameugua kabla ya tamasha. Nayaweka pamoja kwa sababu yalitokea ndani ya muda wa juma moja, na yanaonyesha jinsi furaha ya mkusanyiko yaweza kupakana na kitanda cha mgonjwa.

Wala siwezi kuwarushia jiwe. Januari mwaka huohuo Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilituonya juu ya ugonjwa huo na kutuhimiza tuchukue tahadhari. Baba Paroko wenu alisoma maneno yao, akaweka ndoo za maji mlangoni, kisha akaendelea kuadhimisha Misa mbele ya mabenchi yaliyojaa. Niliogopa kupunguza watu kuliko nilivyoogopa kuwazika. Mara nyingi huwa nafikiri juu ya hilo ninapopita makaburini. Kwa hiyo mwandalizi anaponiambia kwamba tamasha litafanyika "liwe liwalo", simpigii makofi kwa haraka. Namwuliza: liwe liwalo kwa nani? Kama hatari ni ya mfuko wako mwenyewe, nenda kwa ujasiri. Kama ni ya kifua cha bibi aliyekuja kumsikiliza mjukuu wake akiimba, keti chini uhesabu upya, kama yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka.

Wapendwa, mnaona kwamba sikufika kwenye kanuni moja ya kusema "tamasha na lifanyike daima" au "shaka ikiwepo lifutwe". Wenye hekima wa Unguja walifuta mwaka 2016 na wakaendelea mwaka 2010, na nadhani mara zote mbili walifanya vema. Ninachokiona ni hiki: shaka yenyewe si dhambi. Mvua haiko mikononi mwetu, wala kebo ya umeme, wala vita, wala maradhi. Hata mwandamo wa mwezi hauko mikononi mwetu. Mwaka 2026 Ramadhani na Kwaresima zilianza juma lilelile la Februari, na mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza mapema zaidi katika mwezi huo, hivyo yeyote apangaye ngoma ya Februari katika visiwa vile hana budi kutazama kalenda za jirani zake kabla ya kuchapa tiketi. Shaka ni sehemu ya kila kazi ifanyikayo nje, chini ya mbingu.

Kosa letu ni kuificha shaka hiyo mezani kwa wakubwa, na kumwachia mdogo gharama yake. Kiongozi husema "tutaona" kwa sababu halimgharimu chochote. Hana mchele wa mkopo. Hana kitambaa kilichokwisha kukatwa. Kila siku anayoahirisha jibu, yeye hubaki salama, na deni la mwenzake hukua. Ahadi ni deni, tunafundishwa tangu utoto. Nimejifunza kwamba hata kukataa kuahidi kwaweza kuwa deni, iwapo wengine wanakutegemea useme.

Kwa hiyo nimeamua yafuatayo, nayaandika hapa ili mnibane nayo. Jumatano, baada ya Misa ya asubuhi, nitakaa na Halmashauri ya Walei, mwenyekiti wa kwaya, na wawakilishi wa WAWATA na VIWAWA. Tutaweka mezani fedha zilizopo, fedha zinazokosekana, na hali ya kibali, pasipo kumficha mtu yeyote kitu. Dominika ijayo, katika matangazo, mtasikia moja kati ya maneno matatu: ndiyo, hapana, au tarehe nyingine. Hamtalisikia lile neno la nne.

Jibu likiwa ndiyo, nitawaomba wenye maduka yanayozunguka uwanja wetu, ambao huuza soda na mkate zaidi siku za mikusanyiko, wachangie jukwaa, nami nitawafuata mmoja mmoja kwa miguu yangu. Jibu likiwa hapana, mchele na mafuta yale yatanunuliwa na parokia kwa bei ileile, basi lile litalipiwa, na vitambaa vya sare vitasubiri siku yao. Deni hilo limezaliwa na ulimi wangu, hivyo litaanza kulipwa kutoka mfukoni mwangu.

Usiku nilipokuwa naandika tafakari hii, mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati la nyumba ya mapadre. Kutoka ukumbini nilisikia kwaya ikifanya mazoezi. Walikuwa hawajui kama wataimba siku ile au la, na bado sauti ya tatu ilikuwa ikirudia mahali palepale inapokosea, tena na tena, mpaka ikapata. Sikutoka nje kuwaambia neno. Niliona haya kidogo, nikarudi kuhesabu.

Mungu awabariki nyote, na awape Dominika njema.

Baba Paroko wenu